Jua tunalolisingizia, jua tunalolisahau

Intaneti ilikuwa imeanza kurudi kwa kusuasua, katikati ya Mei 2024, shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Rufiji. Shamba lake la mpunga lilikuwa chini ya maji tangu Aprili. Kuna mtu alikuwa amemsikilizisha sauti iliyorekodiwa, ya zile zinazopita simu hadi simu bila kujulikana zimeanzia wapi, ikieleza kwamba jua limelipuka, na kwamba mlipuko huo ndio ulioleta mafuriko, kimbunga Hidaya na kukatika kwa mtandao. “Mwanangu,” akaniuliza, “wewe unayesoma mambo hayo, ni kweli jua ndilo lililotufanyia haya?”

Nikamjibu kwa mkato kwamba si kweli, tukaagana. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu lilikuwa nusu tu ya jibu. Kwa mafuriko na mtandao nilisema kweli. Lakini nilimwacha shangazi aamini kwamba wiki ile jua halikufanya lolote, na hilo halikuwa kweli hata kidogo.

Yote manne yaliyotajwa kwenye ile sauti yalitokea. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuua watu zaidi ya 150 Tanzania kufikia mwishoni mwa Aprili, na Kenya idadi ikapita 200. Jumamosi ya tarehe 4 Mei, Hidaya ikafika karibu na Mafia. Ijumaa iliyofuata, tarehe 10, saa mbili na dakika chache usiku kwa saa zetu, wingu kubwa la chembe zenye umeme lililorushwa na jua liliupiga uga wa sumaku wa dunia na kuanzisha dhoruba ya sumaku ya daraja la tano, la juu kabisa, ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Jumapili ya tarehe 12 asubuhi, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali mtandao ukawa wa kubahatisha.

Mambo manne yakipangana hivyo ndani ya majuma machache, binadamu huyafunga kwa kamba moja. Tuyafungue. Mafuriko na kimbunga vilitangulia dhoruba ya jua, na kisababishi hakiji baada ya tukio lake. Mikongo nayo, kinachosafiri ndani yake ni mwanga kwenye nyuzi za kioo, na mwanga huo haukatwi na sumaku. Mikongo ile ilikatika kama kamba ikatikavyo, chini ya bahari, na ikabidi meli ya matengenezo iende kuiunga.

Swali la mvua ni zito zaidi, nami sitaki kulipita haraka kama nilivyolipita kwenye simu. Wazo kwamba jua lenye madoa mengi huongoza mvua zetu halikuanzia kwa wapiga porojo. Lilianzia kwa wanasayansi, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa Ziwa Victoria.

Madoa ya jua ni maeneo yenye sumaku kali na joto pungufu kuliko sehemu zinazoyazunguka, ndiyo maana huonekana meusi. Huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na kadiri yanavyokuwa mengi ndivyo jua linavyochafuka: milipuko huongezeka, mawingu ya chembe yanarushwa mara kwa mara. Kwa upande wa ziwa, kina cha maji kimekuwa kikiandikwa tangu 1896. Mwaka 1923, C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alivilinganisha viwili hivyo, kina cha ziwa na hesabu ya madoa, akakuta vinapanda na kushuka pamoja kwa namna ya kustaajabisha. Jua lilifika kileleni 1906, ziwa likajaa. Likafika tena kileleni 1917, ziwa likajaa tena. Kwa mtu yeyote anayeishi kando ya maji, kutoka Bukoba hadi Kisumu, huo ungekuwa ugunduzi wa kubadilisha maisha: kutazama jua leo na kujua ufuo wako utakuwa wapi miaka mitano ijayo.

Kabla miaka kumi haijapita, ziwa likaacha kulifuata jua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 mistari ile miwili ikaachana, kila mmoja ukashika njia yake. Kisha yakaja mapigo makubwa zaidi. Mvua za vuli za 1961, zile zilizonyesha Tanganyika ikiwa inapandisha bendera yake, zilianza kulipandisha ziwa hadi likaongezeka zaidi ya mita mbili, na Mei 1964 kipimo cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.41. Mwaka 1964 jua lilikuwa wapi? Chini kabisa ya mzunguko wake. Rekodi hiyo ilidumu miaka 56, ikavunjwa Mei 2020 kwa mita 13.42, watu wa visiwani na ufuoni wakahama nyumba zao. Na jua? Lilikuwa limegusa chini Desemba 2019. Mei 2024 rekodi ikavunjwa tena, safari hii jua likiwa karibu na kilele. Rekodi tatu, mbili zimeangukia jua likiwa limelala na moja likiwa macho. Kwa ushahidi huo huwezi kulitia jua hatiani.

Kilichofanana kati ya 1961 na 2019 kilikuwa baharini. Miaka yote miwili maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu, yalipata joto kuliko kawaida, huku upande wa Indonesia ukipoa. Hali hiyo ikitokea, unyevu mwingi huletwa bara kwetu na vuli hupita kiasi.

Hata hivyo, sitasema jua halina mkono wowote katika historia ya mvua zetu. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha matokeo ya kuchimba matope ya chini ya Ziwa Naivasha, matope yaliyotunza kumbukumbu ya miaka 1,100. Walikuta vipindi vitatu vya ukame mkali, takriban kati ya 1380 na 1420, 1560 na 1620, 1760 na 1840, vinavyolingana na masimulizi ya njaa na uhamaji yaliyohifadhiwa na wazee wa eneo hili. Katikati ya vipindi hivyo ziwa lilijaa, na nyakati za kujaa zililingana na zile karne ambazo jua lilipoa, ikiwemo miaka ya 1645 hadi 1715 ambapo madoa karibu yalitoweka kabisa.

Msomaji makini ataona tatizo. Brooks alikuta jua lenye madoa mengi linakwenda na ziwa lililojaa. Naivasha inasema jua lililopoa ndilo linalokwenda na ziwa lililojaa. Yawezekana yote mawili yana ukweli, moja kwa miongo na jingine kwa karne, lakini hakuna hata moja linaloweza kumwambia mkulima wa Rufiji apande nini msimu ujao. Mwaka 2007 Curt Stager na wenzake walirudi kwenye Ziwa Victoria na kudai kwamba katika karne ya 20 vilele vya maji vilitangulia vilele vya jua kwa mwaka mmoja hivi, hivyo mvua kubwa zingetarajiwa kabla ya kilele kilichokuwa kikisubiriwa 2011 au 2012. Kilele kikachelewa hadi Aprili 2014. Na 2010 hadi 2011, badala ya mvua, Pembe ya Afrika ikapatwa na ukame uliozaa njaa ya Somalia. Nawaheshimu watafiti waliothubutu kusema jambo linaloweza kupimwa. Lakini lilipimwa, na halikusimama.

Baada ya ziwa, tupande kwenye joto la dunia nzima, kwa sababu kuna watu wazima wenye elimu wanaosema kwamba joto tunalolihisi ni jua tu, kwamba limewahi kuwa hivi na litapoa lenyewe. Tuhesabu. Nje ya angahewa, kila mita ya mraba inayolielekea jua hupokea wati 1,361 hivi. Kutoka chini ya mzunguko hadi kileleni, kiasi hicho hubadilika kwa sehemu moja katika elfu, yaani wati moja na ushei. Ukiigawa wati hiyo kwenye uso mzima wa dunia ya duara, mchana na usiku, na kutoa sehemu inayorudishwa angani, hubaki karibu sehemu mbili za kumi za wati. Matokeo yake kwenye joto la dunia ni karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na hupanda na kushuka kwa kila mzunguko. Hewa ukaa tuliyoongeza tangu 1750 peke yake inazuia wati zaidi ya mbili kwa kila mita ya mraba, mara kumi ya jua, na haipandi na kushuka. Inapanda tu.

Kama jua lingekuwa ndilo mkosaji, angahewa yote ingepata joto, juu na chini. Kinachopimwa ni tofauti: tabaka la chini, tunamoishi, linapata joto, na stratosfia iliyo juu yake inapoa. Hiyo ni dalili ya blanketi lililonenepa, si ya moto ulioongezwa kuni. Tena mzunguko wa jua uliomalizika 2019 ulikuwa dhaifu kuliko yote kwa karibu miaka 100, na ndani ya mzunguko huohuo dhaifu dunia ilivunja rekodi za joto. Anayelibebesha jua mzigo huu anawapa nafasi ya kuondoka wale ambao mabomba yao ya moshi yanajulikana, na anawaacha watu kama shangazi wakiamini kwamba maji yaliyofunika mpunga wao yalitoka mahali ambapo hakuna wa kuulizwa.

Hiyo ndiyo nusu niliyompa. Nusu niliyomnyima inaanza kule kule, saa mbili usiku ya Ijumaa ile.

Dhoruba za jua si mpya. Tarehe 1 Septemba 1859, Richard Carrington, akichora madoa ya jua nyumbani kwake Redhill, Uingereza, aliona mwako mweupe ukitokea juu ya madoa hayo na kuzimika ndani ya dakika chache. Saa 17 na nusu baadaye dhoruba ikaifikia dunia. Ulaya na Amerika mitambo ya telegrafu, ya kutuma ujumbe kwa waya, ilitoa cheche, na mahali pengine makarani walituma ujumbe betri zikiwa zimechomolewa, kwa nguvu ya umeme ulioingia kwenye nyaya kutoka ardhini. Unguja siku hiyo Seyyid Majid alikuwa na karibu miaka mitatu tangu ashike kiti. Majahazi yalikwenda kwa pepo za kusi na nyota, hapakuwa na waya wa kusafirisha umeme wowote, na dhoruba kubwa kuliko zote zilizoandikwa wakati huo ikapita juu ya Zanzibar bila kuharibu kitu.

Mnamo Februari 1872 ikaja nyingine, na safari hii ilikaribia nyumbani. Anga ilionekana nyekundu Khartoum, na pia Bombay na Aden, bandari ambazo mabaharia wetu walizijua kama viganja vyao, na mkongo wa telegrafu kati ya Bombay na Aden ukasumbuka. Miezi miwili baadaye, Aprili, kimbunga kikaishukia Unguja na kung'oa mikarafuu. Mwaka ule pia mtu angeweza kuyafunga mawili hayo pamoja, na angekosea vilevile. Mkongo kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879. Kuanzia hapo nasi tukawa na kitu cha kupoteza.

Tazama tofauti ya dhoruba mbili za daraja la tano zilizotukuta ndani ya miaka 21. Oktoba 2003 Afrika Mashariki haikuwa na mkongo hata mmoja wa nyuzi za kioo baharini. Seacom ilikuja 2009 na EASSy 2010. M-Pesa ilizaliwa Kenya Machi 2007. Droni za kupeleka damu hospitalini Rwanda zilianza kuruka 2016. Mei 2024 dhoruba ilitukuta mshahara uko kwenye simu, ada ya shule iko kwenye simu, nauli ya bodaboda iko kwenye simu, na wavuvi wa Pemba wanarudi nyumbani kwa GPS. Jua ni lilelile. Kilichoongezeka ni vitu tulivyovining'iniza mbele yake.

Husemwa kwamba dhoruba hizi ni shida ya watu wa karibu na ncha za dunia. Kuna ukweli ndani yake. Machi 1989 ilikuwa Quebec, Canada, si sisi, iliyopoteza umeme wote ndani ya sekunde 90 hivi, watu milioni sita wakakaa gizani saa tisa. Uga wa sumaku huziongoza chembe za jua kuelekea nchani, na sisi tuko mbali. Lakini ikweta ina ugonjwa wake, na kwa maoni yangu huu ndio unaopaswa kufundishwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kabla ya ule wa Canada.

Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita 80 na kuendelea hadi mamia ya kilomita, liko tabaka la hewa iliyovunjwavunjwa na mionzi ya jua kuwa chembe zenye umeme. Linaitwa ionosfia. Ikweta ya sumaku, ambayo si sawa na ikweta ya ramani, katika upande huu wa Afrika inapita Ethiopia. Mchana umeme wa angani huzisukuma chembe pale ikwetani juu kama maji ya chemchemi, kisha zikateremka pande zote mbili na kurundikana umbali wa nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini. Rundo la kusini linaangukia juu ya Tanzania. Kwa maneno mengine, tunaishi chini ya mojawapo ya sehemu nene kuliko zote za ionosfia ya dunia, na kila ishara ya GPS inayotufikia lazima ipenye humo. Kadiri jua linavyochafuka, rundo linanenepa, ishara zinachelewa, na kifaa kinakuonyesha mahali ambapo hupo.

Mchana, huo ni ucheleweshaji tu, na kifaa kizuri kinaweza kuusahihisha. Tatizo kubwa huja jua likishazama. Sehemu ya chini ya tabaka hutikisika, mapovu makubwa yenye chembe chache hupanda kama mapovu ya uji jikoni, na ishara ya setilaiti inayopita kwenye kingo zake humetameta kama nyota inavyometameta, hadi kifaa kinaipoteza. Hutokea zaidi kuanzia saa moja jioni hadi usiku wa manane, na zaidi kwenye miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, hasa miaka ya jua kali. Dhoruba kubwa huvuruga hata utaratibu huo: mara huyaamsha mapovu nje ya msimu wake, mara huyazima.

Mpima ardhi mmoja ninayemfahamu, anayefanya kazi Bagamoyo, aliniambia kwamba kuna jioni kifaa chake kinagoma kutulia, namba zinacheza, naye hufungasha na kurudi kesho yake asubuhi. Alidhani betri, akabadilisha betri. Alidhani miti, akahama. Hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu ionosfia, ingawa anga yenyewe iko juu ya kichwa chake na vyuo vikuu vyetu vina watafiti wanaoipima. Mpaka wa shamba uliopimwa kwa namba zinazocheza unaweza kuzaa kesi ya miaka kumi. Kwa mkulima wa Marekani, ambaye trekta lake linalojiendesha kwa GPS lilisimama ile Mei 2024 katikati ya msimu wa kupanda, ilikuwa hasara ya siku chache, na alitangaziwa sababu yake. Wetu anabaki kubadilisha betri.

Nina sababu ya kulihuzunikia hili. Sayansi ya anga ya ikweta haikuwa ngeni kwetu. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti yao ya pili. Ndani yake kulikuwa na mizani iliyobuniwa na Profesa Luigi Broglio, ya kupima jinsi hewa nyembamba ya huko juu inavyokivuta chombo kinachozunguka. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapohapo setilaiti ya Wamarekani ya kutazama miale ya eksirei ya nyota, ikaitwa Uhuru. Ya mwisho, Machi 25, 1988, ilikwenda kuchunguza hasa namna jua linavyoibadilisha anga ya juu.

Kile alichokipima Broglio ndicho kilichoangusha setilaiti za intaneti za Starlink miaka 55 baadaye. Tarehe 3 Februari 2022 zilirushwa 49. Siku ileile kulikuwa na dhoruba ya sumaku, tena ndogo. Dhoruba hupasha joto hewa ya juu, hewa ikatanuka, ikazivuta setilaiti zilipokuwa bado chini, na 38 zikaungua. Leo Starlink inauzwa Rwanda na Kenya, na Kenya ilirushiwa setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023. Jambo lililopimwa Ngomeni kabla wengi wetu hatujazaliwa sasa linagusa bili za nyumbani, na watoto wa Malindi hawalisomi darasani.

Umeme wa gridi unahitaji uangalifu, na hapa sitaki kutisha watu. Uga wa sumaku ukitikisika, umeme huzaliwa ardhini na kutafuta njia rahisi, na njia hiyo mara nyingi ni nyaya ndefu za msongo mkubwa. Huingia na kutokea kwenye transfoma, ambazo hazikuumbwa kwa umeme wa aina hiyo, zikapata joto kwa ndani. Oktoba na Novemba 2003 transfoma kadhaa kubwa za Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ziliharibika baada ya dhoruba, nyingine ikichukua wiki kadhaa kabla ya kufa. Afrika Kusini si Canada. Hatari huongezeka pia pale ambapo ardhi ni mwamba mkongwe usiopitisha umeme vizuri, kwa kuwa umeme hukimbilia waya badala ya udongo. Quebec imekaa juu ya mwamba wa namna hiyo. Dodoma, Singida na Shinyanga nazo zimekaa juu ya mwamba wa namna hiyo, na ndipo tulipopitisha nyaya zetu ndefu zaidi, kutoka Iringa hadi Shinyanga, na kutoka Singida hadi Isinya nchini Kenya, njia ya kilovolti 400 iliyowashwa Desemba 2024.

Je, dhoruba inaweza kuzima njia hizo? Kwa latitudo yetu uwezekano ni mdogo kuliko Quebec. Lakini ikwetani kuna mkondo mkali wa umeme angani unaokuza mitikisiko ya mchana, na swali hili halijibiwi kwa kukisia. Kinachotakiwa ni kufunga vifaa vya kupima umeme unaopita kwenye nyaya za ardhi za transfoma kubwa. Bei yake ukilinganisha na transfoma moja ni ndogo mno, na transfoma ya ukubwa ule haipatikani dukani Kariakoo. Huagizwa na kusubiriwa kwa miezi. New Zealand, ambayo ina vipimo hivyo, ile Mei 2024 ilizima baadhi ya njia zake kwa makusudi kabla hazijaumia. Huwezi kuzima kwa makusudi kitu ambacho hukioni kinakujia.

Hata mkongo wa bahari, niliousafisha hapo mwanzo, una mahali pake padogo pa kuumia. Nyuzi za kioo haziguswi, lakini kila baada ya kilomita 50 hadi 100 hivi kuna kifaa cha kuupa mwanga nguvu mpya, na vifaa hivyo hulishwa umeme wa maelfu ya volti kutoka nchi kavu. Mikongo yetu inayopita karibu na ikweta iko salama zaidi kuliko ya Atlantiki ya kaskazini. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokitafuta mtandaoni kimehifadhiwa huko kaskazini.

Onyo lipo tayari. Mwanga wa mlipuko hutufikia kwa dakika nane, lakini wingu la chembe huchukua kati ya siku moja na tatu kwa kawaida. Kimbunga hakitupi muda mrefu zaidi ya huo. Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo cha hali ya hewa ya anga kinachofanya kazi saa 24 tangu Novemba 2022, na kinatoa taarifa kwa bara zima. Tunachokosa ni mkono wa kuipokea taarifa hiyo na kuigeuza kuwa Kiswahili cha mtu fulani: marubani wanaotegemea redio za kuwasiliana kwa umbali mrefu, wapima ardhi, wavuvi, mafundi wa minara ya simu ambayo mingi huchukua saa yake kutoka setilaiti, wasimamizi wa gridi. Mamlaka zetu za hali ya hewa zimetuzoesha kusikia mawimbi ya bahari yatakuwa mita ngapi kati ya Mtwara na Tanga. Sentensi moja zaidi kuhusu GPS ya jioni, kwenye taarifa ileile, isingemchosha msikilizaji.

Nilimpigia shangazi tena mwaka huu nikamweleza nusu ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulitarajia kwa mtu anayelima: msimu wa haya mambo ni lini?

Kilele cha mzunguko huu wa jua kilikuwa Oktoba 2024. Lakini dhoruba kubwa hazisubiri kilele. Ile ya 2003, iliyoua transfoma za Afrika Kusini, ilikuja miaka miwili hivi baada ya kilele chake, madoa yakiwa tayari yanapungua na watu wakidhani msimu umekwisha.